Msako wa vitabu nchi ya chai: mzazi asiyejua kusoma atasimama wapi?

Habari za Kericho zinazotufikia huku Pwani ni za aina tatu. Kwanza ni za gavana: mara mbili madiwani wamepiga kura ya kumwondoa Gavana Erick Mutai, mara mbili kesi ikafika Seneti, Oktoba 2024 na tena Agosti 2025, na mara zote mbili akarudi ofisini. Pili ni za mashamba makubwa kubadilisha wenyewe, maana yaliyokuwa ya James Finlay na yale ambayo zamani yalikuwa ya Unilever sasa yako mikononi mwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Tatu ni za mashine za kuchuma chai, zile ambazo Mei 2023 watu wenye hasira walizitia moto shambani kwa sababu zinawala kazi.

Mimi leo naandika kuhusu mchezo wa watoto maktabani. Najua kuna atakayeguna. Lakini mchezo huu umenigusia mambo yote matatu hayo kuliko hotuba nyingi nilizosikia, na ukiutazama vizuri unatuhusu sisi wa Mombasa, Kilifi na Lamu vilevile.

Wifi yangu, mke wa kakangu, ni Mkipsigis wa Bomet na ni mwalimu wa skuli ya msingi. Yeye na walimu wenzake wachache, pamoja na mkutubi mmoja aliyechoka kuona viti vitupu wakati wa likizo, wanataka kuandaa msako wa maktabani kwa watoto na familia zao likizo ya Agosti. Bado hawajakata shauri ufanyike mjini Kericho au Silibwet karibu na mji wa Bomet, sehemu mbili ambako Huduma ya Maktaba za Taifa ilifungua matawi. Alinipigia simu kwa kuwa naandika, akidhani mtu anayeandika anajua kutunga vidokezo.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: kila familia inapewa karatasi yenye vidokezo. Kidokezo kinakupeleka kwenye rafu fulani, au kitabu, au ramani ukutani, au mtu. Ukipata jibu unaliandika, unakwenda kwenye kidokezo kinachofuata, hadi umalize. Wenzetu wa Marekani na Uingereza huufanya sana watoto wanapofunga skuli. Mtoto aliyekulia Mji wa Kale au Kisauni hahitaji kufunzwa kusaka. Amezoea kusaka wenziwe vichochoroni mpaka magharibi. Jipya hapa ni kwamba anasaka ndani ya jengo ambalo siku zote ameambiwa anyamaze.

Wifi alinitumia orodha aliyoitoa kwenye intaneti. Nikaisoma. Tafuta kitabu chenye jalada la buluu. Tafuta mwandishi ambaye jina lake linaanza kwa herufi kama lako. Tafuta kitabu kuhusu theluji. Tafuta hadithi ya mtoto aliyekwenda pwani na familia yake kwa gari. Kiingereza kitupu, kutoka juu mpaka chini. Sina ugomvi na orodha hiyo. Ilitungwa kwa watu wa kwao na huenda huko inafaa. Lakini nilimuuliza wifi swali moja: mamako atakuja?

Akacheka. "Mama aje afanye nini, wifi? Hajui kusoma."

Mama huyo amechuma chai zaidi ya miaka ishirini. Ndiye aliyemsomesha mwalimu anayepanga msako. Na karatasi inasema msako ni wa "watoto na familia".

Hapo ndipo lilipo jambo zima, nami nalisema mapema nisije nikazunguka. Msako ukipangwa kama ile orodha ulivyo, utamfundisha mtoto jambo moja kabla ya mengine yote: kwamba katika nyumba ya vitabu yeye ndiye mkubwa, na mama yake ni mtu wa kusubiri pembeni akimshikia sweta. Mtoto atamvuta mama kwa mkono toka rafu hadi rafu, atasoma, atajibu, atashangilia. Mama atatabasamu. Hatarudi tena. Tumeona mambo ya namna hii Pwani pia: mikutano ya wazazi ambako karatasi hugawiwa kwa lugha ambayo nusu ya kina mama hawaisomi, kila mmoja anaitazama kana kwamba anaisoma, na wiki ya pili ukumbi una watu wachache.

Ili kuelewa uzito wake huko, lazima ujue nchi ya chai ilivyo. Chai ya kibiashara ilianza kupandwa Kericho miaka ya 1920, na kampuni kama Brooke Bond zikajenga kambi za wafanyakazi ndani ya mashamba: safu za nyumba ndogo, zahanati, skuli, duka. Wachumaji walitoka kila upande: Wakipsigis wenyewe, Wakisii, Waluo, Waluhya. Katika kambi ya namna hiyo lugha ya kuazimana chumvi ni Kiswahili. Kiswahili chenyewe si kile cha Lamu, kwa kweli kingemfanya bibi yangu ashike kichwa, lakini ndicho kinachowaunganisha. Kwa hivyo nilipomwambia wifi vidokezo viandikwe Kiswahili kwanza, haikuwa Mswahili kuipigia debe lugha yake. Kiingereza ni cha skuli na kinamwacha mzazi nje. Kikipsigis ni cha nyumbani kwa wengi, na kinamwacha nje jirani wa Kisii.

Na suala hilo la jirani wa Kisii si la adabu tu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wafanyakazi wa makabila mengine walishambuliwa katika mashamba ya Kericho, wakakimbia, wengine walipoteza jamaa zao. Baadhi yao walikwenda mpaka mahakama za London kuidai kampuni mama ya Unilever, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya huko ikawakatalia. Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027. Watoto watakaoshika karatasi za msako wamezaliwa baada ya ghasia hizo, lakini wazazi wao hawakuzaliwa jana. Kila kidokezo kinachouliza jambo la nyumbani kinajibu bila kusema swali jingine: nyumbani kwa nani?

Tuje kwenye vidokezo vyenyewe, maana hapa ndipo tulipokaa zaidi, simu baada ya simu, mpaka kakangu akalalamika bando lake limekwisha.

Kanuni tuliyojiwekea ni hii: nusu ya jibu iwe kitabuni, nusu iwe kichwani mwa mkubwa. Mtoto asiweze kumaliza bila mkubwa, na mkubwa asiweze kumaliza bila mtoto. Mkubwa si lazima awe mzazi. Kuna watoto wa kambini wanaolelewa na shangazi, nyanya au dada mkubwa.

Mfano wa kwanza ulitoka kwa wifi mwenyewe. Wakipsigis hugandisha maziwa katika kibuyu, yakawa mursik. Kibuyu chenyewe huitwa sotet, na kabla ya kutia maziwa ndani yake husuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu. Kidokezo kinauliza: mti gani? Hakuna mtoto wa darasa la tatu anayejua. Atamgeukia nyanyake, naye atasema senetwet. Sasa nyanya ametoa ufunguo, mtoto anakwenda kwenye rafu ya mimea, anatafuta mti huo au wa jamaa yake, anachora jani. Kwa familia isiyo ya Kikipsigis kidokezo hichohicho kina mlango wa pili: nyumbani kwenu maziwa, uji au pombe ya sherehe huwekwa katika chombo gani, nacho hutengenezwa kwa mti au udongo gani? Wifi alipendekeza tuondoe neno pombe, maana yeye ni mlokole. Limeondolewa.

Cha pili ni vitendawili. Wakipsigis wana vyao, huviita tangoch, na sisi tuna vyetu vya "tega". Mkubwa anategwa ategue, au atege yeye, kwa lugha yoyote ya kwao. Mtoto anaandika kwa Kiswahili. Kisha anakwenda kwenye namba 398, ambako maktaba zinazofuata mpangilio wa Dewey huweka ngano na vitendawili, atafute kinachofanana nacho. Huko huko atakutana na mazimwi. Watoto wa Kikalenjin wanalo lao, chemosit, na sioni kwa nini lisikae rafu moja na zimwi la Kiswahili.

Cha tatu ni chai yenyewe. Katika mpangilio wa Dewey chai ina namba yake, 633.72. Ni jambo la ajabu kidogo, ukifikiri, kwamba mtu anaweza kuchuma jani maisha yake yote na asiambiwe kwamba katika kila maktaba ya dunia yenye mpangilio huo jani lake lina anwani. Mtoto anatafuta namba, anafungua picha, anaandika kitabu kinasema nini kuhusu kuchuma: majani mawili na chipukizi. Halafu karatasi inamtaka amuulize mkubwa jambo ambalo kitabuni halimo: vidole vinajuaje jani limekomaa hata kabla ya macho? Hapo mama wa miaka ishirini shambani ndiye profesa. Na katika miaka hii ya mashine, si vibaya ujuzi huo ukaandikwa na mtoto wake kwa mwandiko wake, hata kama ni katika karatasi ya mchezo.

Theluji tuliifuta tukaweka mvua ya mawe. Kericho inaijua vizuri mno: nusu saa ya mawe inaweza kumaliza chai ya wiki kadhaa, na kila mkulima anayo ya kusimulia.

Kidokezo kilichotugawa ni cha ramani. Mimi nilitaka mtoto atafute Gwassi, kule kando ya Ziwa Victoria, na amuulize mzee wake: ni watu gani wa Kericho walipelekwa huko, na kwa nini? Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa ukoo wa Talai kwa nguvu, ikawatupa Gwassi, mbali na ardhi yao. Mambo ya ardhi hiyo bado yako hai. Mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Watalai walifungua kesi katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu dhidi ya Uingereza. Wifi alisita. Alisema wazazi watakuja kucheza, si kukumbuka. Mwalimu mwenziwe alihofia mwanasiasa atalidaka na kulifanya jukwaa. Mimi naona nchi ambayo watoto wake wanajua theluji ya kitabuni na hawajui Gwassi ni nchi inayochezesha watoto wake mchezo wa watu wengine. Lakini mimi naishi Mombasa, wao ndio watakaobaki na lawama. Kwa sasa kidokezo kimebaki kwa sharti kwamba kiwe cha kuonyesha mahali kwenye ramani tu, na mzee akitaka kusimulia atasimulia.

Kuhusu waandishi wa kwao, kulikuwa na wazo la kutafuta kitabu cha Taaitta Toweett, mwanasiasa wa Kericho aliyepata kuwa Waziri wa Elimu na ambaye alisomea isimu na kuandika juu ya lugha za Kikalenjin. Wazo zuri, lakini linategemea kitabu kiwe rafuni. Ndiyo sababu kila kidokezo lazima kipimwe na mkutubi wiki ileile ya msako. Hakuna kinachovunja moyo wa mtoto kama kutumwa kwenye kitabu kilichoazimwa na hakikurudi.

Sasa siku. Mtu wa mjini angesema Jumamosi asubuhi, basi. Huko si rahisi. Jumamosi wachumaji wengi wako kazini, na ndiyo Sabato ya Waadventista, ambao kati ya Wakisii ni wengi. Jumapili asubuhi ni kanisa. Mchana, mvua: Kericho mvua ya mchana haiulizi ni mwezi gani. Mkulima mdogo anayepeleka majani kituo cha kununulia naye hawezi kuyaacha majani yaliyokwisha kuchumwa yanyauke kwa sababu ya mchezo.

Pendekezo langu ni kuacha kabisa wazo la siku moja. Karatasi itolewe mwanzo wa likizo, ikae wiki mbili, kila familia ije inapoweza, hata kwa awamu tatu. Na kama maktaba hufungwa Jumapili, kaunti iombwe Jumapili mbili tu. Msako wa wiki mbili hauhitaji hema, wala vipaza sauti, wala mgeni wa heshima. Wifi anasema bila shamrashamra hakuna atakayejua. Nakubali kuna ukweli hapo. Lakini nimeona shamrashamra za kutosha: viti vya plastiki mia mbili, watoto wamesimama juani tangu saa mbili, mheshimiwa anafika saa saba, picha zinapigwa, vitabu vinabaki rafuni kama vilivyokuwa.

Umbali ni tatizo kubwa kuliko siku. Kutoka kambi ya ndani ya shamba hadi mjini ni bodaboda kisha matatu, kwenda na kurudi, mara idadi ya watoto. Mama hatatoa nauli hiyo kwa mchezo, na nisingemlaumu. Kwa hivyo nusu ya msako iende kwao: sanduku moja la vitabu, na mkutubi au mwalimu mmoja, kwenye skuli ya karibu na kambi au kituo cha kununulia chai, vidokezo saba vya kwanza vimalizikie huko. Atakayefikisha saba ndiye atakayekuwa na hamu ya kwenda mjini kumalizia. Si jambo geni nchini. Tangu 1996 Huduma ya Maktaba imekuwa ikipeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, kwa watu ambao hakuna aliyetarajia wapande matatu kuja kuvisoma. Kericho haihitaji ngamia. Pikipiki moja na turubai la kuzuia mvua vinatosha.

Upande wa mkutubi kuna hofu tatu, na si za kupuuza: vitabu vitarudishwa rafu zisizo zake, kelele zitawasumbua watahiniwa, na kitu kitapotea. Ukiingia maktaba nyingi za umma nchini, wengi utakaowakuta ni vijana wanaojiandaa na mitihani, kila mmoja na vitabu vyake mwenyewe. Wamekuja kutafuta meza, taa na kimya. Wana haki yao. Hofu ya kwanza ina dawa: kidokezo kisimtake mtoto kuondoa kitabu, bali akifungue hapo hapo, aandike, akiache. Ya pili inahitaji chumba, na pasipo na chumba inahitaji saa maalumu. Ya tatu sina dawa yake. Vitabu vya watoto vitachakaa na vingine vitapotea, na kitabu cha watoto ambacho hakijachakaa baada ya miaka kumi hakina cha kujivunia.

Zawadi nimeombwa nisipendekeze peremende. Napendekeza uanachama wa maktaba kwa familia nzima, kadi ya mkubwa iandikwe jina la mkubwa, hata kama ataitia alama ya kidole gumba. Isiwe jina la mtoto. Mama atoke na kadi yenye jina lake.

Na hapo tunafika kwa mlipaji. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, ilizipa kaunti jukumu la maktaba. Nenda ukasome mwenyewe: zimo katika fungu la utamaduni na burudani, katika orodha inayoanza na kamari na kupita kwenye leseni za pombe na majumba ya sinema kabla ya kufika maktaba na makavazi. Labda ni mpangilio tu wa waandishi wa sheria. Lakini ukitazama mwendo wa miaka iliyofuata, utaona orodha hiyo imetekelezwa kwa mpangilio uleule: leseni za pombe kaunti zilizidaka haraka kwa kuwa zinaingiza pesa, na maktaba, zinazotoa pesa, zilivutwa huku na huku kati ya Nairobi na kaunti kwa miaka mingi, kila upande ukimwambia mfanyakazi aulize upande wa pili.

Katika hali hiyo, takwimu moja ndogo ina nguvu. Diwani anayekaa kwenye kamati ya bajeti haoni maktaba. Anaona jengo lenye bili ya umeme. Lakini karatasi mia tatu zilizojazwa na familia, kila moja na jina la wadi, ni kitu cha kuweka mezani. Hii ndiyo sababu nimewasihi walimu wasizitupe karatasi zikishajazwa. Zihesabiwe kwa wadi, kwa kambi, kwa lugha ya mkubwa aliyejibu. Kaunti ambayo madiwani wake wamepata muda wa kumjadili gavana mara mbili itapata nusu saa ya kuzisoma.

Kuna mtego mmoja wa kukwepa. Tangu mtaala wa umilisi uanze mwaka 2019, wazazi wa Kenya wamechoshwa na kazi za nyumbani zenye gharama: chapisha hiki, nunua manila, tafuta kibuyu, piga picha utume. Mzazi akisikia "vidokezo" na "mzazi ashiriki", jambo la kwanza atakalouliza ni shilingi ngapi. Karatasi itolewe bure, penseli iwe pale pale, kusiwe na kitu cha kuchapisha wala cha kutuma kwa simu. Na alama zisiandikwe na mwalimu. Siku msako utakapoingia kwenye ripoti ya muhula, umekufa.

Kwa nini yatushughulishe huku? Chai ya Kericho na Bomet haiishii Kericho. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa 1969, na tangu hapo jani linalochumwa na mama wa wifi yangu linapewa bei hapa kwetu, kilomita mamia kutoka kwake, kabla ya kupakiwa bandarini. Wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa wanapolalamika kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa Mlima Kenya, wanataja Mombasa kama mtu anavyotaja mahakama. Watoto wao hawajapata kuiona. Wetu nao wanakunywa chai asubuhi na jioni na hawajui inatokea kwenye baridi kiasi gani. Maktaba tunazo: Mombasa, Kilifi, Malindi, Ukunda, Lamu. Mji huu ulikuwa na maktaba ya Seif bin Salim tangu 1903, kabla Kericho haijapandwa mche mmoja wa chai wa kuuzwa. Sioni kinachozuia karatasi moja ya msako iwe na nusu mbili, moja ijazwe Kericho na ya pili Mombasa, mtoto wa huku akitafuta 633.72 na wa kule akitafuta bandari.

Wifi amechukua wazo hilo kwa maneno yangu na kunirudishia kazi: nimtumie kidokezo kimoja cha Pwani, cha miti, kilingane na kile cha senetwet, na ambacho mtoto wa Mombasa hawezi kukijibu bila bibi yake. Nimempa hiki. Chai isiyo na maziwa wazee wetu huiita chai ya mkandaa. Mkandaa ni mti gani, unamea wapi, na una nini ndani ya gome lake hata chai ikapewa jina lake? Mkutubi yeyote wa Pwani aliye tayari kukiweka rafuni kwake Agosti ijayo aiandikie meza ya wahariri, nitamuunganisha na wenzake wa Bomet.